MREJESHO: Karatasi na medali za babu wa mume wangu

Wapendwa, niliwauliza namna ya kutunza karatasi za babu wa mume wangu, Myahudi wa Berlin aliyekimbilia Uingereza mwaka 1939 kisha akaingia jeshi la Uingereza, kwenye kikosi cha kazi za mikono kiitwacho Pioneer Corps. Asanteni sana, kazi imekwenda vizuri.

Klipu zenye kutu tumezitoa. Karatasi ziko kwenye folda zisizo na asidi, na sanduku limehama kutoka stoo yenye unyevu hadi kabati la chumbani. Aliyenionya nisipige laminesheni, Mungu ambariki, maana plastiki ile ikishagandishwa kwa joto haibanduki bila kuharibu karatasi. Medali hatukuzisugua.

Kilichonishika moyo ni pasipoti yake: herufi J nyekundu (yaani “Jude”, Myahudi), na jina “Israel” ambalo Wanazi waliwalazimisha wanaume wa Kiyahudi kuliongeza. Halafu ule ujumbe wa Msalaba Mwekundu, uliovusha habari za familia wakati wa vita! Waliruhusiwa maneno 25 tu. Babu aliandika mbele, mama yake, aliyebaki kwao, akajibu nyuma ya karatasi kwamba ni mzima, na kwamba mwanawe ale vizuri. Nimeuskani pande zote mbili.

Mume wangu anataka karatasi zenyewe ziende Wiener Holocaust Library, London, maktaba inayotunza kumbukumbu za mauaji ya Wayahudi, sisi tubaki na nakala. Naunga mkono kabisa. Vitu hivi ni vizito mno kutegemea kabati letu. Kuhusu mama yule wa babu, Wanazi walikompeleka, tumeandikia Arolsen Archives, Ujerumani, hifadhi ya nyaraka za watu walioteswa na Wanazi. Familia hazilipishwi, na nyaraka nyingi zinasomeka mtandaoni, kwa mwenye haja kama yetu.