Farasi jike aliyezaa mtoto mwenye kupepesuka: apandishwe tena, apimwe kwanza, au basi?

Mwana wa Barka: Salaam aleikum ndugu zangu. Nina farasi jike wa Kiarabu, nasaba safi, mpole sana. Mtoto wake wa mwisho alizaliwa mzima, akanyonya, akakimbia. Kufika miezi miwili hivi, kichwa kikawa kinamtetemeka kila akitafuta chuchu, anasimama kajitanua miguu, akitembea anainua ya mbele juu mno. Ikabidi tumuue asiteseke zaidi. Mtunza banda anashikilia kuwa alijigonga ukutani. Sasa nimrudishe kwa dume lile lile msimu huu, nimpime kwanza, au abaki wa kupanda tu?

Salim Maskati: Waaleikum salaam. Kwa dume lile usimrudishe, nakusihi. Dalili hizo ni za abiotrofia ya serebela: seli za Purkinje katika ubongo wa nyuma, zinazoongoza mwendo, hufa baada ya mtoto kuzaliwa. Kwa kawaida huanza kuonekana kati ya wiki 6 na miezi 4, na hakuna tiba. Watoto hawa hujigonga kwa sababu wanaumwa, halafu ukuta unalaumiwa. Ili augue lazima arithi jeni mbovu kwa mama na kwa baba, na wazazi wenyewe huwa wazima kabisa. Wawili hao wakikutana tena, kila mimba ina robo ya uwezekano wa kukurudishia machungu yale yale.

Bint Seif: Kaka Salim kasema kweli, ila kumwacha moja kwa moja sioni haja. Kati ya farasi watano wa Kiarabu, mmoja hivi anabeba jeni hiyo. Tukiwaacha wote tutapoteza damu nzuri. Mpandishe kwa dume aliyepimwa akaonekana hana. Hapo hazaliwi mgonjwa, ingawa nusu ya uwezekano ni kupata mbebaji.

Juma Naivasha: Na mimba akibebewa na jike mwingine?

Bint Seif: Haisaidii, Juma. Yai bado ni lake.

Salim Maskati: Kipimo ni chepesi: nywele za shingoni au za mkia, zing'olewe na mizizi yake, zisikatwe. Maabara ya Chuo Kikuu cha California, Davis, hupima. Jike akionekana hana jeni hiyo, rudini kwenye jeraha, uti wa mgongo, au upungufu wa vitamini E, maana majani makavu tunayolisha huku hayana vitamini hiyo ya kutosha.

Mwana wa Barka: Allah awalipe. Nang'oa nywele kesho, na mwenye dume nitamwambia leo, maana ana majike wengine waliopandishwa.

Bint Seif: Vyema. Na dume utakayemchagua, omba cheti cha maabara ukisome mwenyewe. Mtoto akizaliwa mpime kabla hujamuuza, mnunuzi apewe na majibu.