Mrejesho: ile TV iliyokuwa inafifia yenyewe

Wakuu habari, mimi ndo yule niliyeuliza kwa nini TV yangu ya flati inafifia yenyewe hata mchana, mpaka nikahisi taa za nyuma ya kioo zinakufa. Mlioniambia nitafute sensa ya mwanga kabla ya kuita fundi, asanteni sana, mmeniokoa.

Nimeipata. Ni kidoa cheusi kama kichwa cha njiti ya kiberiti, kipo kwenye fremu ya chini karibu na pale inaposoma rimoti, usipoinama hukioni. Nikakiziba na kidole, zikapita sekunde chache skrini ikashuka taratibuu, nikamulika tochi ya simu palepale ikapanda tena, nilirudia mara nne maana sikuamini. Kumbe ndani mna fotodayodi, kijikifaa kinachohisi mwanga, inapima mwanga wa chumba, kukiwa na giza TV inapunguza taa za nyuma macho yasiumie na umeme usiende bure.

Sasa shida yangu ilikuwa kitambaa cha meza, ukingo wake umekifunika kile kidoa nusu, TV inadhani ni usiku muda wote! Nimekitoa, sensa nimeiacha on.

Ila kwenye muvi zenye sini za giza bado ilikuwa inafifia hata nikimulika tochi. Hiyo sio sensa, ni TV inasoma picha yenyewe na kurekebisha taa, setingi yake iko kivyake kwenye menyu ya picha. Nayo nimezima, picha imetulia kabisa.