Mjadala: Vijana wenye nguvu za ajabu kwenye tamthilia, kosa ni la picha au la neno "uchawi"?

Sauti ya Sinza (mleta mada)

Habari za jioni, wadau. Naomba hili tulijadili kwa utulivu, maana limeingia nyumbani kwangu na limeingia kwenye kazi yangu.

Mimi ni mmoja wa wale wanaoingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za nje. Nina chumba kimoja Sinza, kuta nimezibandika magodoro ili kelele za bodaboda zisiingie kwenye maikrofoni, na wenzangu wawili. Wiki mbili zilizopita mwanangu wa darasa la tano alirudi shuleni akakataa chakula. Nilimbembeleza mpaka akasema: kuna mwenzao mmoja, binti, hakuna tena anayetaka kukaa naye dawati moja. Kisa ni mchezo. Wakati wa mapumziko walikuwa wanacheza kusomana mawazo, mchezo walioutoa kwenye tamthilia ya vijana wenye nguvu za siri inayozunguka mtaani kwenye flashi. Mmoja anaficha namba kichwani, mwingine anakisia. Binti yule akapatia mara tatu mfululizo. Hapo mtoto mmoja akapiga kelele: "Mchawi!" Tangu siku hiyo hilo ndilo jina lake.

Kwenye kundi la wazazi la WhatsApp moto ukawaka. Wengi wanataka tamthilia za namna hii zifungiwe. Mzazi mmoja akaandika rasimu ya barua kwenda Bodi ya Filamu. Nilisoma ujumbe wote mpaka usiku, na hakuna aliyeuliza yule binti anaendeleaje.

Nikaitafuta ile flashi, nikakaa na vipokea sauti masikioni. Kijana anasogeza kikombe bila kukigusa, sauti ya Kiswahili inasema: "Ametumia uchawi." Msichana anamsikia rafiki yake akilini, sauti inasema: "Uchawi wake umeamka." Sehemu saba nzima, neno ni hilo hilo. Watoto hawakuliokota uwanjani. Tuliwapa sisi, watu wa kazi hii. Nasema sisi kwa sababu hata mimi nimelitumia kwa miaka mingi: ni fupi, linakaa vizuri kwenye mdomo wa mwigizaji, na msikilizaji analielewa mara moja. Sikuwahi kujiuliza analielewa kuwa nini.

Tamthilia hizi si ngeni duniani. Mojawapo ya za zamani ni The Tomorrow People ya Roger Price, iliyoanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 1973 kwenye ITV (ya kwao, siyo yetu ya Mikocheni iliyokuja 1994) ikaendelea hadi 1979. Mwaka ule wa 1973 huku Bara hatukuwa na televisheni kabisa. Ni habari za vijana wa London wanaojigundua kuwa wanaweza mambo matatu: kuongea kwa mawazo bila kufungua mdomo, kusogeza vitu bila kuvishika, na kutoweka hapa wakatokea pale. Maskani yao ni kituo cha treni ya chini ya ardhi kilichoachwa. Mimi nimeipenda kwa mambo mawili, na yote mawili yanahusu mjadala huu.

La kwanza, hakuna tunguri mle. Nguvu zile zinaelezwa kuwa hatua ya mbele ya ukuaji wa binadamu. Zinamjia kijana katika umri ule ambao sauti inakatika na mwili unamgeuka, na zinamtisha kwanza kabla hajazielewa.

La pili ndilo kubwa. Vijana wale hawawezi kuua. Simaanishi kwamba kuna mkubwa amewakataza. Nafsi zao zenyewe zinagoma, hata adui akiwa mbele yao. Sasa mchawi kwa Kiswahili ni nani? Ni mtu anayedhuru wenzake, kwa siri, usiku, na mara nyingi ni jirani au ndugu yako. Tumemchukua mtu asiyeweza kuua, tukambandika jina la yule ambaye kuua ndiyo kazi yake.

Na katika nchi hii jina hilo lina uzito wake. Sheria ya Uchawi tunayo tangu 1928. Kule Kanda ya Ziwa vikongwe wamekatwa mapanga kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa kupikia wajukuu. Watu wenye ualbino wamewindwa kama wanyama, mpaka Januari 2015 serikali ikatangaza marufuku kwa waganga wapiga ramli. Hakuna hata kimoja kati ya hayo kilichoanza na panga. Vyote vilianza na mtu kumnyooshea mwenzake kidole na kutamka neno.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: tusifungie tamthilia, tubadilishe neno. Wanaoingiza sauti, wanaoandika maelezo ya vipindi kwenye ving'amuzi, na sisi wazazi sebuleni. Mnasemaje?

Baba wa Watatu

Dada yangu, nakuheshimu lakini hapa sikubaliani nawe. Nguvu ni za aina mbili tu, za Mungu na zile nyingine. Mtoto akionyeshwa kijana anayepaa au kusoma mawazo bila kumtaja Mungu popote, anafundishwa kutamani hizo nyingine. Hata ukiziita asali, utamu wake ni ule ule. Mimi nyumbani kwangu Mbagala nimefunga chaneli zote za aina hiyo kwa namba ya siri na wanangu hawajapungukiwa na kitu. Wana vipindi vya hesabu, wana katuni za Akili zinazotengenezwa hapa hapa Dar kwa Kiswahili. Kwa nini tuhangaike kutafutia jina zuri kitu ambacho tunaweza kukiacha?

Kijana wa Manzese

Kufunga king'amuzi nyumbani ni sawa, mzee. Ila kwetu watoto wanaangalia kibanda umiza, wanatoa sarafu wanaingia, na anayechagua picha ni mwenye kibanda. Huko hakuna namba ya siri.

Mwalimu wa Kiswahili (mstaafu)

Mleta mada ameshika penyewe. Niongeze kidogo kwa sababu ni eneo langu.

Kiingereza kina neno moja, "magic", linalobeba mengi: la mchawi, la mganga, la mwenye kutoa njiwa kofiani, na la kijana wa kwenye hadithi. Sisi tumeyatenganisha tangu zamani, na hatukuyatenganisha bure. Uchawi ni wa kudhuru. Uganga ni wa kutibu. Mazingaombwe ni ya kuburudisha, watu wanalipa kiingilio wakijua wanadanganywa. Kiinimacho ni kulaghai jicho, lione kisichokuwapo. Muujiza ni wa Mungu na mitume wake. Karama ni anayopewa mja mwema. Kipawa au kipaji ni kile ulichozaliwa nacho, kama sauti ya kuimba. Mfasiri anayeyaona yote hayo mezani kisha akachukua "uchawi" kila mara, ameacha nusu ya lugha yake.

Kwa vijana wa tamthilia mnayoisema, mimi ningechukua "kipawa". Najua watoto wa Dar watafikiria kwanza ule mtaa wa karibu na uwanja wa ndege. Watazoea. "Karama" nzuri pia, ila itamkwaza Baba wa Watatu na nadhani ana haki kukwazika, ni neno la ibada.

Mama Tabata

Mimi nipo upande mwingine kabisa na nyote wawili, mleta mada na Baba wa Watatu. Neno halinisumbui. Nguvu hazinisumbui. Kinachonisumbua ni siri.

Nina mabinti wawili. Waliwahi kuangalia ile ya Australia ya wasichana watatu wanaogeuka nguva, H2O, iliyoanza 2006. Wakiguswa na maji tu, zinapita sekunde kumi wameota mkia. Mmoja anayapinda maji anavyotaka, mmoja anayagandisha, mmoja anayachemsha. Walipenda sana, na mimi nilipenda, bahari ile ilinikumbusha Kigamboni. Lakini nilikaa nikahesabu: katika kila sehemu ni mara ngapi wanamdanganya mama? "Nilikuwa kwa rafiki." "Sitaki kuoga sasa." "Hamna kitu." Na mtazamaji anaombea wasigunduliwe. Nami niliombea!

Mimi wanangu nimewafundisha tofauti. Mtu mzima akikwambia "hii iwe siri yetu wawili", awe mjomba, awe jirani, awe mwalimu wa tuisheni, unakuja kuniambia siku hiyo hiyo. Hilo ndilo somo la kwanza nililowapa kabla hata ya kuvuka barabara. Sasa linakuja jambo tamu lenye muziki linasema siri ndiyo ushujaa, na mzazi ndiye wa kufichwa. Mwenzangu, badilisha maneno unavyotaka, hilo hujaligusa.

Kijana wa Manzese

Hapo Mama Tabata umenifikirisha.

Mzee wa Kigamboni

Wanangu, salaam. Mnaongea kama kwamba habari za mtu mwenye nguvu za siri zimekuja na flashi. Pwani hii tumelelewa na Liyongo. Silaha zilikuwa hazimuingii, ila sindano ya shaba kitovuni. Siri hiyo aliijua yeye, na akamwambia mwanawe kwa mapenzi ya baba kwa mtoto. Mfalme alimwahidi kijana yule binti wa kuoa. Akamchoma babaye amelala. Liyongo akaamka na sindano tumboni, akashika upinde, akaenda akapiga goti kisimani na roho ikamtokea hapo, mshale ukiwa tayari. Watu wa mji walikaa na kiu, hakuna aliyethubutu kuteka maji, wakidhani yu hai.

Bibi alipokuwa akitusimulia hajawahi kusema Liyongo alikuwa mchawi. Alisema shujaa. Na katika habari ya siri, mama yangu Tabata, sisi hatukuondoka na fundisho la kuficha wala la kutoboa. Tuliondoka tunamlilia Liyongo na tunamuogopa mfalme, yule mtu mzima aliyemtumia mtoto. Mimi nilikuwa na miaka minane na nilielewa.

Sauti ya Sinza (mleta mada)

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma majibu yote, mengine mara mbili.

Baba wa Watatu, nyumba ni yako na watoto ni wako, sina neno. Lakini barua ya kwenda Bodi ya Filamu inafungia na nyumba za wengine. Tena sheria ya filamu ya 1976 inaweza kuzuia picha, haiwezi kuzuia mtoto kumwita mwenzake mchawi. Hilo linazuiwa na baba. Nikuulize kwa heshima: ukiwaambia wanao kwamba wamekatazwa kuangalia "kwa sababu ni uchawi", wakimkuta mwenzao anayeangalia, watamwonaje?

Mama Tabata, umenipata. Kule kwenye The Tomorrow People wanajificha kwa sababu wapo wakubwa wanaotaka kuwatumia kama silaha, na tangu 1974 miongoni mwa vijana wenyewe yumo Elizabeth, mtu mzima anayesomea ualimu. Nilitaka nikujibu kwa hilo. Lakini tamthilia nyingi za sasa hazina hata Elizabeth mmoja. Mzazi yuko pale ili adanganywe, basi. Mimi siwezi kubadilisha kisa cha watu, naingiza sauti tu. Ninachoweza ni kutoupamba udanganyifu huo. Kuna mstari niliurekodi mwezi uliopita, msichana anasema hatamwambia mama. Niliusoma kwa sauti ya ushindi kwa sababu nilidhani ndivyo inavyovutia. Nimeurudia jana kwa sauti ya mtu anayeogopa, maana uso wa mwigizaji, nilipouangalia vizuri, ulikuwa wa mtu anayeogopa. Nadhani hapo nilikosea kazi yangu kama nilivyokosea kwenye neno.

Mwalimu, nachukua "kipawa". Wenzangu wawili wamekubali.

Jumamosi nilikwenda na mwanangu nyumbani kwa yule binti. Mama yake alikuwa barazani anakaanga vitumbua vya biashara ya jioni. Hakutulaumu. Aliuliza jambo moja tu: kuna mtoto kamfuata mdogo wake binti huyo, yuko chekechea, akamuuliza kama na yeye ni mchawi, je, jina hilo litahama mpaka kwa nani? Sikuwa na jibu. Binti mwenyewe nilimuuliza alipatiaje namba mara tatu. Akasema ni rahisi, watoto wengi wakiambiwa wafiche namba wanachagua saba, na alikuwa ameligundua hilo tangu darasa la tatu.

Baba wa Watatu

Kuhusu tamthilia sijahama, chaneli zangu zitabaki zimefungwa. Na kweli nimewahi kuwaambia wanangu maneno hayo hayo uliyoyasema. Nitakaa nao leo.

Hiyo habari ya mtoto wa chekechea imeniuma. Kuna mtu amekwenda kuongea na mwalimu wa darasa? Kama hakuna, nitumie jina la shule faraghani. Jumatatu asubuhi sina kazi.