Malalamiko ya wachezaji yamehamia WhatsApp: msimamizi wa mchezo ayapokee vipi?

Msimamizi wa Jumamosi

Wakuu, salaam. Ninaendesha kampeni ya Dungeons & Dragons, toleo la tano, kwa kanuni za mwaka 2014: ni mchezo wa mezani ambapo msimamizi husimulia hadithi, kila mchezaji huendesha mhusika wake, na dadu huamua matokeo. Wachezaji ni watano, na tunakutana Jumamosi mchana hapa Dar es Salaam nyumbani kwa mmoja wao. Mambo yalikwenda vizuri hadi wahusika walipofika ngazi ya tano, lakini tangu hapo hakuna kikao kinachomalizika bila mtu kununa.

Kisa kilichochochea yote ni hiki. Kundi lilikuwa likipambana na wanyang'anyi ndani ya ghala la bandarini, nasi hatukuwa na ramani, kwa kuwa huwa naeleza mandhari kwa maneno tu. Mwenye mhusika mchawi akatangaza kwamba anarusha tufe la moto katikati ya ghala. Nikamwambia arushe dadu zake nane za pande sita, zikaleta madhara ya pointi 31. Kisha nikamtaka mwenye mhusika kasisi arushe dadu ya kujinusuru, yaani ile inayopunguza madhara ukifaulu, kwa sababu kwa jinsi nilivyoeleza, kasisi alikuwa kwenye nguzo, ndani ya zile futi 20 ambazo moto huenea kila upande. Akashindwa. Alikuwa amebakiwa na pointi 14 za uhai, hivyo akaanguka, na kabla mwenzake yeyote hajamfikia akashindwa mara tatu zile dadu za kuamua kati ya uhai na kifo. Mchawi akadai kwamba alielewa kasisi yuko mlangoni. Kasisi naye akadai kwamba nguzo ingemkinga. Nikafungua kitabu mbele yao, na kitabu kinasema wazi kwamba moto huo huzunguka kona. Uamuzi ulikuwa sahihi, lakini ugomvi haukuisha. Ulihamia kwenye kundi letu la WhatsApp, na huko wengine wakapata nafasi ya kutoa yao: kwamba narusha dadu kwa kificho na maadui wanapiga mno, na kwamba mapigano ni marefu na wengine wanasubiri zamu hadi wanasinzia.

Ninawezaje kupokea malalamiko haya bila kugeuza kila uamuzi kuwa kesi, na bila kuonekana kwamba nawapuuza? Na je, nimrudishe kasisi?

Mzee wa Dadu

Mkuu, pole kwa hayo. Nimeendesha michezo ya aina hii kwa muda mrefu, na nadhani umejibu lalamiko ambalo hukuletewa. Wewe ulithibitisha kanuni ya moto kuzunguka kona, nayo ni kweli, lakini hakuna aliyekuwa na hasira kwa sababu ya kona. Mchawi alikasirika kwa sababu alimuua rafiki yake bila kujua kwamba ndilo jambo alilokuwa akilichagua. Mhusika wake alikuwa amesimama mle ghalani na macho yake mawili, akiona nguzo, mlango na mtu aliyekaa kati ya hivyo viwili, ilhali mchezaji mwenyewe alikuwa na sentensi zako tu, tena zilizosemwa labda dakika kumi kabla, watu wakila karanga na kuzungumza. Ukifungua kitabu katika hali hiyo, hata kikikupa haki, mtu anasikia tu kwamba ameshindwa mara ya pili.

Dawa yake iko kabla ya dadu, si baada yake. Mchezaji anapotangaza jambo ambalo mhusika wake angeona wazi hatari yake, mwambie palepale: "Ukirusha hapo, kasisi yumo ndani ya moto, ukiusogeza upande wa lango, unamwacha nje lakini wanyang'anyi wawili wanakukwepa. Unachagua lipi?" Akirusha baada ya hapo na mwenzake akafa, atalia, lakini hatakulalamikia wewe. Fanya hivyohivyo kwa dadu za kawaida: taja namba inayotakiwa na kitakachotokea akishindwa kabla hajarusha. Wapo wasimamizi wanaoona kwamba hilo linaondoa utamu wa kutojua. Mimi naona utamu huo ni wa msimamizi peke yake, na mchezaji ndiye anayeulipia.

Kuhusu ubishi wa kanuni unaozuka mezani, usiukatae wala usiuache utambae. Msikilize mtu aseme hoja yake mara moja, toa uamuzi wa siku hiyo, endelea na mchezo, halafu mtafute kanuni kikao kikiisha na kukubaliana mtakavyofanya siku zijazo. Kanuni za msingi za toleo hilo zilitolewa bure chini ya leseni ya Creative Commons mnamo Januari 2023, kwa hiyo kila mchezaji anaweza kuwa nazo kwenye simu yake, na asiwepo mtu mmoja anayeonekana kumiliki sheria.

Namba Ishirini

Nakubaliana na Mzee kuhusu moto, lakini amepita haraka sana kwenye suala la dadu za kificho, na kwangu hilo ndilo zito zaidi. Tuchukue mnyang'anyi mwenye nyongeza ya 5 (inayojumlishwa kwenye dadu yake) anayemshambulia mhusika mwenye kinga 15 (jumla anayopaswa kuifikia ili apige). Anahitaji kupata 10 au zaidi kwenye dadu ya pande ishirini, yaani nafasi 11 kati ya 20, sawa na asilimia 55. Uwezekano wa mashambulizi manne kupiga mfululizo ni takriban asilimia 9. Kwenye pambano refu lenye maadui wengi, mfululizo wa namna hiyo ni jambo la kawaida kabisa, na hakuna aliyedanganya. Sasa mweke mchezaji mbele ya mfululizo huo huku dadu zikigonga nyuma ya kibao cha karatasi ngumu asichoweza kuona ng'ambo yake. Hana njia ya kutofautisha bahati mbaya na chuki, na huwezi kumlaumu akidhani ni chuki.

Rusha dadu za mashambulizi mezani, kila mtu aone. Lalamiko la "maadui wanapiga mno" litakufa lenyewe au litabadilika na kuwa jambo unaloweza kulifanyia kazi, kwa mfano kwamba umepanga maadui wengi kuliko nguvu ya kundi. Kibao chako kibakie kwa mambo ambayo mhusika hawezi kujua matokeo yake, kama vile kutafuta mtego ambao huenda haupo.

Utapoteza kitu kimoja, nacho ni uwezo wa kumnusuru mtu kimyakimya kwa kubadilisha matokeo. Binafsi sioni kama ni hasara. Wachezaji wakishagundua kwamba uliwahi kumwokoa mmoja wao kwa siri, kila kifo kinachofuata kitahesabiwa kwamba umekitaka wewe.

Mshale wa Tatu

Habari zenu. Mimi sijawahi kuendesha mchezo, ni mchezaji tu, kwa hiyo nitasema kutoka upande wa pili wa meza. Watu wanalalamika WhatsApp kwa sababu hawana pengine pa kulalamikia. Katikati ya mchezo mtu anaona aibu kukatiza wenzake, na kikao kikiisha kila mmoja anawahi daladala. Msimamizi wetu alianza kufunga mchezo robo saa kabla, na kila mmoja anataja kitu kimoja kilichompendeza siku hiyo na kimoja ambacho angependa kukiona kikao kijacho. Ule utaratibu wa kusema unachotaka badala ya unachochukia ulinisaidia mimi mwenyewe, maana nilikuwa nanung'unikia urefu wa mapigano, kumbe nilichotaka ni mhusika wangu apate mazungumzo na yule mfanyabiashara tuliyemwacha mjini.

Naomba pia lalamiko la aina moja litengwe na haya mengine. Mchezaji akisema kwamba tukio fulani linamwumiza, tuseme mateso ya mtoto au maelezo ya ugonjwa uliomwondolea ndugu, hapo hakuna hoja ya kusikilizwa wala uamuzi wa kutolewa. John Stavropoulos alibuni kadi yenye alama ya X inayowekwa mezani: mtu akiigusa, tukio linaondolewa au linarukwa, na haulizwi sababu. Sisi tunatumia kipande cha boksi tulichokichora kwa kalamu ya wino, na kinatosha.

Msimamizi wa Jumamosi

Ahsanteni sana. Suala la kutaja hatari kabla ya dadu nitalianza Jumamosi hii, na dadu za mashambulizi nitazirusha hadharani, ingawa nitakikosa kibao changu. Bado nina mawili. Kuna mmoja ambaye hata mambo yakirekebishwa analalamika tena wiki inayofuata. Na kasisi je? Nilifikiri kuwapa hekalu lenye kuhani mkuu anayeweza kumfufua, ili yaishe.

Mzee wa Dadu

Huyo wa kila wiki mwone peke yake, tena si siku ya mchezo, umuulize ni kikao kipi alikifurahia kuliko vyote na kwa nini. Ukisikia kwamba anachopenda ni mbinu za vita na wenzake wanne wanapenda maongezi na fitina za mjini, basi hakuna marekebisho yatakayomtosha kwenye meza hiyo. Mwambie hivyo kwa heshima na umwachie aamue kama anabaki. Kuacha kucheza pamoja si kuvunja urafiki.

Hekalu liache kwanza. Kumfufua mtu kwa uchawi wa ngazi ya tano (ngazi ya uchawi, si ya mhusika) kunahitaji almasi ya thamani ya sarafu 500 za dhahabu, na asiwe amekufa zaidi ya siku kumi, kwa hiyo kunaweza kuwa safari nzuri sana. Lakini ukiitoa sasa, wachezaji wawili watapewa zawadi ndani ya hadithi huku swali lao la nje ya hadithi likiwa bado halijajibiwa, na la kasisi litarudi kwa sura nyingine. Keti nao wawili kabla ya kikao, waambie waziwazi kwamba wewe na mchawi mlikuwa mkiona ghala mbili tofauti, kisha mwulize mwenye kasisi anataka nini. Huenda akapenda turudi nyuma hadi kabla ya moto, huenda akaitaka safari ya almasi, na huenda tayari ameshapenda wazo la kuanza na mhusika mpya. Mpe analochagua.

Namba Ishirini

Nyongeza ndogo kwa ajili ya uchawi wa aina hiyo: nunua daftari la hesabu lenye miraba. Kila mraba uwe futi 5, na tufe la moto litafika miraba minne kila upande kutoka lilipotua. Chora nguzo na milango kwa penseli, weka vifuniko vya soda badala ya wahusika, na kila mtu ataona mwenyewe aliyemo na asiyemo.