Mji unataka kutumeza, tukubali au tugome? Naombeni ushauri

Wakuu habari zenu, kichwa kinaniuma hapa. Eneo letu liko nje kidogo ya mpaka wa mji, sasa mji umejaa hauna pa kupumulia wanataka kusogeza mpaka watuingize ndani, yaani jirani yangu juzi kaamka kakuta kigingi chenye rangi nyekundu kimechomekwa katikati ya bustani yake na hajaulizwa kitu.

Wanaosapoti wanasema tutapata maji ya bomba, zimamoto, taka kuzolewa. Sawa, ila hofu yangu bili ya kodi ya majengo inaanza mwezi wa kwanza halafu bomba linakuja baada ya miaka kumi. Na shimo la choo nililochimba kwa hela yangu, nitalazimishwa kulifukia niunge kwenye mfumo wao kwa gharama zangu tena?

Nimesoma mji wa Houston, jimbo la Texas kule Marekani, uliimeza Kingwood, eneo la makazi lililokuwa nje ya mpaka wake, mwaka 1996 wakazi wakipiga kelele weee, baadae Texas ikabadili sheria 2017 na 2019, siku hizi mara nyingi lazima wahusika wakubali kwanza.

Japo mji siulaumu kiivyo, barabara zao tunazitumia kila siku na hatuchangii hata senti.

Mliopitia hii, kikaoni tudai nini kiandikwe? Mi nawaza ratiba ya huduma yenye tarehe, na kodi ipande kidogo kidogo. Kuna kingine? Na mwanasheria tumtafute saa hizi au tusubiri notisi? Kikao ni wiki ijayo.