Naomba ushauri: mstari wa maendeleo hausogei mpaka kazi iishe

Ndugu zangu, habari za kazi. Niko hapa Bukavu, natengenezea depo moja ya Kadutu programu ya mauzo inayofunguka kwenye kivinjari, kwa lugha ya JavaScript. Mama mwenye depo akibonyeza "Funga mwezi", programu inapitia mistari 40,000 ya mauzo. Inachukua karibu dakika moja na nusu, na muda wote huo mstari wa maendeleo unakaa 0%, kisha unaruka ghafla hadi 100%. Juzi alidhani mashine imekufa, akaizima katikati ya hesabu. Iliniuma sana, maana ilibidi aanze upya huku wateja wamesimama mlangoni.

Sababu naielewa: kazi zote zinapita njia moja, na kivinjari hakichori kitu mpaka kitanzi changu (sehemu inayorudia hesabu mstari kwa mstari) kiachie. Nilijaribu kukatiza kitanzi kwa `await Promise.resolve()`, haikusaidia, kwa sababu foleni yake humalizwa yote kabla ya kuchora. `setTimeout` ya 0 (kuahirisha hatua inayofuata kwa milisekunde 0) kwa kila mstari ilichora vizuri, lakini zikifuatana kivinjari hulazimisha angalau milisekunde 4 kila moja. Mara 40,000 ni sekunde 160 za kungoja bure!

Sasa nimehamishia hesabu kwenye `Worker`, yaani njia ya pembeni isiyozuia kuchora, nayo inatuma habari za maendeleo kwa `postMessage`. Mnashauri nitume kila baada ya mistari mingapi, au nifuate saa, tuseme kila milisekunde 100? Na kitufe cha "Simamisha" je? `terminate()` inakata papo hapo, ila naogopa hesabu ibaki nusu. Ninyi mnafanyaje? Hata mfano mfupi wa msimbo wa programu nitaushukuru. Depo inafunga mwezi Jumamosi.