Disko, pop na nyu-wevu za jioni masika yakikatika: mnazipangaje?

Kaseti_Mbovu

Wakuu, heshima kwenu. Wazungu kuanzia Machi hadi Mei hupeana orodha za nyimbo za majira ya kuchipua: disko, pop ya miaka ya 80, nyu-wevu (new wave, pop ya vinanda vya kielektroniki iliyofuata disko), muziki mwepesi wa kufungulia madirisha. Miezi hiyo hiyo Dar ni masika na madirisha tunayafunga. Kinachofanana na hayo majira yao sisi tunakipata Juni: mvua imekata, kusi imeanza kuvuma, jioni mtu anakaa uani bila kujipepea.

Nataka orodha ya jioni ya namna hiyo. Ni uani Mikocheni, watu kama 50, saa 10 jioni hadi saa 4 usiku. Wapo wazee waliocheza Boney M. zikiwa mpya, wapo na vijana ambao ukiwatoa kwenye amapiano wanakaa chini. Vifaa ni laptop, miksa ndogo ya njia nne na spika mbili za inchi 12 zenye amplifaya ndani. DJ hakuna.

Nitajieni nyimbo, lakini zaidi nielezeni mpangilio. Orodha nyingi za mtandaoni ni majina mia moja yaliyomwagwa tu. Ukizipiga vile zilivyo, watu wanacheza dakika tano, wanakaa kumi.

Mapigo120

Mkuu, anza na mapigo kwa dakika, majina yatafuata. Saa sita ni dakika 360. Nyimbo za redio za enzi zile ni dakika tatu na nusu hadi nne, kwa hiyo unahitaji kama 95. Weka 110 ili uwe na akiba ya kuruka.

Saa 10 hadi 12 watu wanafika, wanasalimiana, wanakula. Usivuke 112. "Dancing Queen" ya ABBA (1976) iko karibu na 100, "Stayin' Alive" ya Bee Gees (1977) iko 103 hivi, kisha "Another One Bites the Dust" ya Queen (1980) na "Good Times" ya Chic (1979), zote karibu na 110. Hizi mbili za mwisho zikae jirani, maana besi ya Queen ina damu moja na ile ya Chic na sikio linazipokea kama ndugu. Halafu uani kwa watu wa Pwani hakosekani mzee wa kukumbusha kwamba Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946. Mwache aongee, ndiyo shughuli yenyewe.

"Everybody Wants to Rule the World" ya Tears for Fears (1985) nayo ni 112 na inafaa sana saa 11 na nusu. Ila mwendo wake unabembea, kila pigo limegawanyika tatu badala ya mbili, hivyo usiulaze juu ya wimbo mwingine. Uache uliotangulia uishe kabisa.

Juni jua Dar linazama kama saa 12 na robo. Adhana ya Magharibi ikianza zima muziki, na panga kabisa mapumziko ya dakika 20 hapo, usije ukakatisha wimbo katikati. Ukirudi, fungua na "I Will Survive" ya Gloria Gaynor (1978). Inaanza na piano na sauti bila ngoma, ndiyo maana ni ngumu kuunganisha na wimbo mwingine, lakini baada ya kimya haina mpinzani. Ngoma ikiingia uko 117. Kuanzia hapo kaa kati ya 115 na 120 kwa saa nzima: "Heart of Glass" ya Blondie, "Holiday" ya Madonna (1983), "Don't You Want Me" ya Human League (1981), "Don't Stop 'Til You Get Enough" ya Michael Jackson (1979), "Le Freak" ya Chic (1978).

Saa 2 panda hadi 125–130: "September" ya Earth, Wind & Fire, "Sweet Dreams" ya Eurythmics, "Just Can't Get Enough" ya Depeche Mode, "I Feel Love" ya Donna Summer, na kileleni "Blue Monday" ya New Order, ambayo ni 130.

Wengi wanaharibu kwa "Tainted Love" ya Soft Cell (144 hivi) na "Take On Me" ya a-ha (karibu 169). Wanadhani ngazi inaendelea tu kupanda. Haipandi. Hizo ni visiwa, ziingie baada ya kimya cha sekunde mbili, na baada yake rudi 120 bila kuomba radhi. Ukiziunganisha tatu mfululizo, wenye umri wa miaka 60 wanaomba viti.

DadaSanturi

Mapigo120 kasema vema. Naongeza yanayoangusha watu wanapounganisha.

Programu ikikuambia wimbo una mapigo 120, hiyo ni wastani. Disko nyingi za miaka ya 70 zilipigwa na mpiga ngoma halisi, na binadamu huongeza mwendo kwenye kibwagizo na kupunguza kwenye ubeti. Ukibonyeza kitufe cha kulinganisha mapigo, programu inachora mistari iliyonyooka juu ya wimbo usionyooka. Sekunde 10 za mwanzo zinaingiana, ya 25 ngoma mbili zinagongana kama farasi wawili. Nyimbo za mashine za ngoma kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 80 hazina shida hiyo. "Don't You Want Me" na "Blue Monday" unaweza kuzilaza juu ya kitu dakika nzima zisiyumbe.

Ila usihukumu kwa mwaka peke yake. "Stayin' Alive" ni ya 1977 na imenyooka, kwa sababu ngoma yake ni kipande kifupi cha mkanda wa "Night Fever" kilichounganishwa kikawa duara. Mpiga ngoma wa Bee Gees hakuwepo wakati wanarekodi. "I Feel Love" nayo ni ya 1977, lakini watayarishaji Giorgio Moroder na Pete Bellotte waliijenga juu ya sintesaiza (kinanda cha kielektroniki) ya Moog inayojiendesha. Moog haikuwatolea ngoma kubwa ya kuridhisha, ndipo mpiga ngoma Keith Forsey akaipiga kwa mguu juu yake. Ndiyo maana unaweza kuipeleka moja kwa moja kwenye nyu-wevu ya miaka mitano baadaye na hakuna atakayeshtuka. Kwa maoni yangu ndilo daraja bora kuliko yote kati ya mitindo hii miwili, na wanaoiweka mwanzoni mwa jioni wanaitupa bure.

"Heart of Glass" ina mtego wake. Kuna sehemu ya ala tupu ambapo hesabu inakwenda saba badala ya nane. Ukiwa umeshaanza kuingiza wimbo mwingine hapo, mtapishana pigo moja na hutajua kosa liko wapi. Unganisha kabla ya sehemu hiyo, au subiri mwisho.

Kwa kuwa huna DJ, achana na kulinganisha mapigo. Weka laptop ifanye wimbo mmoja ufifie huku mwingine unaingia kwa sekunde 3, si 12. Disko nyingi zinaishia kwa kufifia zenyewe, na faili nyingi zina sekunde moja au mbili za kimya mkiani. Ukiweka 12, nusu ya muda huo unaunganisha wimbo mpya na hewa. Kimya hicho kikate mapema kwa programu yoyote ya kuhariri sauti.

Ukilazimika kubadili mwendo, usizidi asilimia 3. Ukifika 6 bila kuwasha kinga ya kushikilia sauti isipande wala kushuka (key lock), wimbo mzima umepanda nusu toni na mwimbaji anasikika kama kavuta gesi. Ukiwasha kinga hiyo, matoazi ndiyo yanayoumia.

Na angalieni matoleo. Kanda na orodha za "vibao vya zamani" zimejaa nyimbo zilizorekodiwa upya na wasanii wenyewe miaka mingi baadaye: majina yale yale, sauti imechoka, ngoma za plastiki. Kwa "Take On Me" kuna kisa kingine. Ilitoka kwanza 1984 ikiwa nyembamba na haikwenda mbali. Unayoijua ni ya 1985, iliyosimamiwa na mtayarishaji Alan Tarney. Sikiliza faili lote kabla ya siku, usiamini jina.

Fundi_Spika_Kkoo

Upande wa sauti, kwa vifaa ulivyotaja.

Sidii za miaka ya 80 zilitengenezwa kwa sauti ya chini. Ukiweka faili kutoka sidii ya zamani halafu amapiano ya mwaka huu, tofauti inaweza kufika desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 hadi 10 na watu wataruka. Washa usawazishaji wa sauti kwenye programu yako, uchague wa kila wimbo, si wa kila albamu. Usisawazishe kwa kupandisha nyimbo za zamani hadi juu kabisa. Shusha mpya, halafu ongeza spika.

Faili zilizonyonywa kwenye video ya mtandaoni hujulikana kwa matoazi. Disko ina matoazi wazi karibu kila pigo, na hapo ndipo ubanaji wa faili unapouma: badala ya "tsss" unasikia maji yanachuruzika. Kwenye simu tatizo hilo hulioni, kwenye spika ya inchi 12 linakaa usoni. Nunua nyimbo, au tumia huduma ya kulipia na uzipakue kabla. Usitegemee bando siku yenyewe.

Usikoroge besi. Disko ya santuri haina mengi chini ya hezi (mitikisiko kwa sekunde) 50, kwa hiyo ukipandisha kitufe cha besi unachopata ni mvumo wa 100 hadi 150, ule unaofanya ukuta wa jirani uitikie. Acha besi katikati na punguza kati-chini (sauti zilizo juu kidogo ya besi) kidogo.

Spika zipande stendi, pembe (zile tarumbeta za sauti nyembamba) ziwe juu ya vichwa, kama mita 1.8 hadi 2. Nje, kila umbali ukizidishwa mara mbili unapoteza desibeli 6 hivi. Uani wenye ukuta wa tofali pande zote unarudisha sauti, basi weka spika kwenye upande mfupi zielekee kwa urefu wa uani, uwanja wa kucheza uwe mbele yake, meza zianze mita 8 huko nyuma. Meza ikikaa mita 3 kutoka kwenye spika, hao wageni hawataongea usiku kucha na lawama ni zako.

Tumia waya, si blututu. Simu ya mtu ikijiunganisha kwa bahati mbaya, watu 50 watasikia meseji zake za sauti. Ukisikia mngurumo wa chini usiokoma, chomoa chaja ya laptop kwanza. Ukipotea, tatizo ni ardhi ya umeme inayozunguka, na kifaa kidogo cha kutenganisha waya wa sauti kinalimaliza. Usikate pini ya ardhi ya plagi, nawaona.

Umeme ukikatika, laptop ina betri, spika hazina. Zizime kwa mkono hapo hapo, kabla haujarudi, kwa sababu unaporudi huja kwa kishindo. Kile kifaa cha kukinga friji chenye kuchelewesha dakika chache kinafaa hapa pia, mradi kimudu wati za spika zote mbili. Kuwasha ni miksa kwanza, spika mwisho. Kuzima ni kinyume chake.

Kaseti_Mbovu

Hapa nimepata shule. Bado vijana. Nikiwawekea saa yao peke yao, wazee wanaondoka.

Mapigo120

Usiwatenge. Amapiano nyingi ziko kati ya 110 na 115. Ni pale pale ilipo "Good Times". Weka Chic, ingia kwenye amapiano moja isiyo na maneno mengi, rudi kwa Queen. Mwendo haujabadilika, kiuno hakijui kwamba miaka 40 imepita.

ShangaziWaUpanga

Na mnasahau daraja lililo karibu zaidi. "Weekend Special" ya Brenda Fassie ni ya 1983, mwaka mmoja na "Blue Monday", nayo ni sintesaiza na mdundo wa dansi. Ongeza Yvonne Chaka Chaka. Muziki ule wa Afrika Kusini ndio uliozaa kwaito, na amapiano ni mjukuu wake, kwa hiyo vijana wanausikia kama wa kwao na sisi tunajua maneno. Tena hapo ndipo wazee husimama wenyewe. Kwa Depeche Mode itabidi wavutwe mkono. William Onyeabor wa Nigeria naye ajaribiwe, "Fantastic Man" (1979), saa 11 jioni, si usiku. Ni ndefu na inajirudia, inafaa watu wakiwa na sahani.

Kaseti_Mbovu

Shikamoo shangazi, nimeandika. La mwisho kwa DadaSanturi: "Blue Monday" niweke toleo lipi, na "Tainted Love" lile refu linafaa?

DadaSanturi

"Blue Monday" chukua la 1983, dakika saba na nusu. Ukikuta faili la dakika nne na kidogo, huenda ni lile la 1988 lililochanganywa upya, na halina ule ufunguzi mrefu wa ngoma peke yake ambao ndio unakupa nafasi ya kuingia kutoka "I Feel Love". Usilipige zaidi ya mara moja kwa jioni hata wakiomba.

"Tainted Love" refu la santuri ya inchi 12 linageuka katikati kuwa "Where Did Our Love Go". Wasiolijua wanadhani umebadilisha wimbo na wanasimama. Chukua fupi, halifiki dakika tatu, na kwa mwendo ule zinatosha.